Goma–Walikale ni nusu saa kwa ndege. Muache kutuambia kwamba tuko mbali

Walikale-centre, Novemba 2025



Wiki iliyopita, kisha habari za jioni, mama mmoja alipiga simu kwenye redio. Mtandao ulikuwa mubaya, sauti ilikuja na kukatika. Hakupiga juu ya vita, wala juu ya msaada wa chakula. Alikuwa na swali moja tu.

«Mwandishi, kutoka Goma kuya Walikale na ndege ni masaa ngapi?»

Nilimujibu: «Mama, haifike hata saa moja. Ni dakika makumi tatu hivi.»

Akanyamaza. Nikafikiri mtandao umekatika. Kisha nikasikia akicheka, lakini haikuwa cheko ya furaha. «Dakika makumi tatu? Na mie nilitembea siku tisa na watoto kutoka kwetu Masisi mpaka hapa. Na kwetu haiko hata Goma!»

Mama huyu ni wa upande wa Nyabiondo. Siku vita ilipofika, familia iligawanyika njiani. Yeye na watoto wadogo walishika njia ya magharibi, wakaingia pori, wakatokea huku Walikale. Binti yake mukubwa na bwana yake walishika njia ya Sake, wakafika Goma. Tangu hapo binti amezaa. Nyanya hajaona mjukuu wake. Ndiyo maana aliuliza kuhusu ndege. Hana pesa ya ndege, na ndege yenyewe haipo. Alitaka tu kujua mtoto wake yuko mbali namna gani.

Swali lile limenifuata siku zote hizi. Mimi ni mwandishi wa redio, na kwa miaka mingi nimesema kwenye mikro «Walikale, eneo la mbali». Leo ninataka kusema wazi kwamba nilikosea. Walikale haiko mbali. Walikale imefungwa. Mambo haya mawili hayafanani, na anayeyachanganya anawasaidia wale ambao hawataki kutufikia.

Tuhesabu pamoja

Chukua karata ya Kivu ya Kaskazini. Piga mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Goma mpaka Walikale-centre. Utapata kilometa karibu 130. Goma mpaka Masisi-centre ni kilometa karibu 55. Masisi-centre mpaka hapa ni karibu 85.

Sasa chukua ndege ndogo, zile tulizozoea kuona hapa kwetu, kama L-410 ya watu 19, ao Caravan ya propela moja. Zinakimbia kilometa 330 hivi kwa saa. Ukigawa 130 kwa 330 utapata dakika 24. Ongeza muda wa kupanda kutoka Goma, maana uwanja ule uko juu ya mita 1.500 na mbele yake kuna milima ya Masisi inayopita mita 2.000. Ongeza muda wa kushuka huku porini. Utafika kwenye nusu saa. Ni wakati wa kupika sombe isiyoiva bado.

Mulinganishe na safari zingine. Goma–Kavumu, kule Bukavu, ni kilometa 85 hivi kwa mstari ulionyooka. Goma–Beni ni karibu 250. Goma–Kisangani ni karibu 500. Goma–Kinshasa inapita 1.500. Maana yake, katika miji yote hiyo, ni Bukavu peke yake iliyo karibu na Goma kuliko sisi. Beni iko mbali na Goma karibu mara mbili kuliko Walikale. Lakini umesikia wakubwa wakisema Beni ni eneo la mbali? Hapana. Juu ya nini? Juu ya kule ndege zilikuwa zinaenda, zenye ratiba na tiketi. Kwa hiyo umbali wa wakubwa hauhesabiwi kwa kilometa. Unahesabiwa kwa tiketi.

Ninajua pia kwamba dakika 30 za hewani siyo safari yote. Kwenye viwanja vidogo vya kwetu hakuna taa wala mitambo ya kumuongoza rubani katika mawingu. Anaangalia kwa macho yake. Asubuhi ukungu unalala juu ya pori, kisha saa nane mvua inashuka. Kati ya hapo kuna masaa machache tu ya kuruka. Kwa hiyo unaweza kungoja siku mbili chini ya mti kwa safari ya nusu saa. Hiyo ni kweli. Lakini siku mbili chini ya mti na siku tisa na watoto mugongoni si kitu kimoja.

Njia ya leo

Nitoe hesabu ingine, ile iliyonikosesha usingizi.

Masisi-centre iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzo wa Januari 2025. Goma ilifuata mwisho wa mwezi ule, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Kavumu ilifuata katikati ya Februari. Walikale-centre penyewe walifika tarehe 19 Machi, wakaondoka mwanzo wa Aprili. Tangu hapo tuko upande huu, na Goma iko upande ule. Katikati kuna mistari ya vita ambayo kila siku inasogea, na kila kundi lenye bunduki liko na barieri yake.

Mtu aliye Goma, mwenye pesa na karatasi zake zote, akitaka kufika Walikale bila kupita katikati ya risasi, atafanya nini? Atavuka mupaka na kwenda Kigali. Toka Februari serikali yetu ilifunga anga ya Kongo kwa ndege za Rwanda, kwa hiyo atatafuta ndege ya kupitia inchi ingine, tuseme Entebbe. Kutoka Entebbe ataenda Kinshasa. Kutoka Kinshasa atarudi mashariki mpaka Kisangani. Kutoka Kisangani atapanda pikipiki kwa njia ya Lubutu, mpaka hapa kwetu.

Nimehesabu kwa mstari ulionyooka, bila kona za barabara. Goma–Kigali: 105. Kigali–Entebbe: 340. Entebbe–Kinshasa: 1.950. Kinshasa–Kisangani: 1.225. Kisangani–Walikale: 370. Jumla ni kilometa karibu 4.000.

Kilometa 4.000 pahali pa 130. Mara thelathini. Mtu anavuka bara karibu nzima kwenda na kurudi juu ya kufika kwa jirani. Na huyo ndiye mwenye bahati, mwenye pesa. Asiye na pesa anapita pori ao anabaki.

Ukisikia tena neno «enclavement» katika mikutano ya wakubwa, kumbuka namba hizi mbili.

Ndege zilikuwako, lakini zilikuwa za mawe

Wazee wanaonisoma watasema: «Mwandishi, wewe kijana, lakini hata wewe unakumbuka. Ndege zilikuwa zinatua hapa.» Ndiyo, ninakumbuka vizuri.

Wakati kasiterite ya Bisie ilipopata bei, miaka ya 2000, ndege zilikuwa zinatua Kilambo kila siku. Kilambo haikuwa uwanja. Ilikuwa kipande cha barabara ya taifa namba 3, lami iliyobaki tangu wakati wa Zaire. Ndege ikikaribia, watu walifukuza pikipiki, mbuzi na watoto pembeni, na ndege inashuka mahali gari zinapita. Wabebaji walikuwa wanatoka Bisie kwa miguu na mzigo wa kilo 50 mugongoni, siku mbili katika matope ya pori, mpaka Njingala. Kutoka pale mawe yalipanda ndege. Nusu saa na dakika chache, yako Goma.

Fikirini vizuri jambo hili. Muntu alitembea siku mbili akibeba jiwe. Jiwe likapanda ndege. Muntu akarudi kwa miguu.

Ndege zilipokuja zilileta chumvi, sabuni, sukari, bia na mafuta. Ziliporudi zilichukua kasiterite. Mgonjwa akipata kiti, ilikuwa ni kwa huruma ya mwenye mizigo, ao kwa pesa ya familia iliyouza shamba. Nimeona kwa macho yangu mama mwenye mimba akishuka tena kutoka ndege juu ya uzito. Magunia yalibaki ndani. Aliletwa na tipoyi, akarudi na tipoyi. Sisemi ndege ilikuwa ya nani, na siku hizi haina maana. Yule rubani hakuwa mtu mubaya. Alifanya hesabu yake ya kilo, na katika hesabu ile gunia lilikuwa na bei iliyoandikwa. Mama hakuwa na bei.

Kisha, Septemba 2010, Rais wa wakati ule alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Mawe yalikosa njia, na ndege zikapungua pale pale. Chumvi ikapanda bei, sabuni ikapotea kwenye maduka. Siku zile nilielewa kwamba hatukuwa na usafiri wa ndege hata siku moja. Tulikuwa tunaishi na makombo ya usafiri wa mawe.

Na leo? Kule Bisie kuna kampuni kubwa, Alphamin, inayochimba kwa mashine. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17.000 za bati, karibu sehemu 6 kwa 100 za bati yote ya dunia. Vita ilipokaribia Machi 2025, kazi ilisimama. Walikale-centre ilipoachwa, mwezi wa Aprili kazi ilianza tena. Redio za dunia nzima zilitangaza, na bei ya bati katika masoko ya Ulaya ilipanda na kushuka juu ya Walikale yetu. Dunia inajua vizuri wapi Walikale iko. Hakuna anayewaambia wanunuzi wa London kwamba bati iko eneo la mbali.

Ninachoomba

Mwandishi akilalamika tu bila kusema anataka nini, anakula wakati wa wasikilizaji bure. Mimi ninaomba mambo matatu.

La kwanza: uwanja wa Goma ufunguliwe kwa wagonjwa na kwa msaada, hata kabla ya mapatano yote kwisha. Tarehe 30 Oktoba, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja ungefunguliwa kwa ndege za msaada katika majuma yanayokuja. AFC/M23, ambayo inashika uwanja ule, ilijibu kwamba hawakuulizwa na kwamba tangazo halikuja wakati wake. Wakubwa wanabishana nani ana haki ya kufungua mlango. Ninawaambia pande zote mbili, bila kuchagua: mlango huo si wenu. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ilitapika na lava ikala sehemu ya piste. Kutoka mita 3.000, ikabaki karibu 2.000. Hata hivyo uwanja ulifanya kazi tena. Mlima wenye moto haukuweza kufunga Goma kwa miaka. Watu wenye kalamu wanaweza?

La pili: Walikale ipate piste ya watu. Si kipande cha barabara, si piste ya kampuni, si shamba la ndege la kundi fulani. Piste ya raia, pembeni ya barabara. Ndege ndogo haiombi mambo makubwa. Mita 800 mpaka 1.000 za udongo mugumu, zilizokaushwa vizuri, zenye mifereji ya mvua na uzio wa kuzuia mbuzi, zinatosha kwa L-410 ao Caravan. Na juu ya piste ile kuwe na sheria moja iliyoandikwa kwenye kibao, kwa Kiswahili: katika kila ndege, viti viwili ni vya wagonjwa wenye barua ya daktari wa hospitali kuu. Bei iandikwe pale pale kwenye kibao. Anayetaka kubeba mawe abebe mawe, lakini gunia lisimshushe mama tena.

La tatu: tubadilishe namna ya kusema. Ninaanza na mimi mwenyewe. Redioni sitasema tena «eneo la mbali». Nitasema «eneo lililofungwa», kwa sababu mlango uliofungwa una mtu aliyeufunga, na mtu huyo anaweza kuulizwa. Mbali haina mwenyewe. Mshahara wa mwalimu ukichelewa, tunaambiwa: ni mbali. Dawa zikikosa katika kituo cha afya: ni mbali. Hakimu asipofika kusikiliza kesi: ni mbali. Sasa tuwe na jibu: mheshimiwa, ni kilometa 130. Ulipotea wapi?

Wanaonipinga

Nilisoma mawazo haya kwa watu wachache kabla ya kuandika, na walinipinga. Nawashukuru. Nijibu kwa heshima.

Mzee mmoja wa hapa Walikale aliniambia: «Mwanangu, piste inaleta vita. Kila mwenye bunduki anapenda mahali ndege inatua.» Mzee ana haki. Tumeona. Piste ni kama daraja. Anayeishika anashika chakula, silaha na mawe. Lakini nilimuuliza: «Mzee, vita haikukuja bila piste? Mwezi wa Machi walikuja na ndege?» Hapana, walikuja kwa miguu na kwa barabara. Kukosa piste hakukutulinda. Kulituzuia tu kuondoa majeruhi wetu. Kinachohitajika ni piste iandikwe mapema, katika kila mapatano yanayotayarishwa Doha na Washington, kuwa mahali pa raia ambapo hakuna kundi linaloweka kambi. Kama wanaweza kuandika habari za madini katika mapatano, wanaweza kuandika mita 1.000 za udongo.

Dada mmoja mwuguzi alinipinga namna ingine: «Ndege zetu zinaanguka.» Hilo pia ni kweli. Sote tunakumbuka tarehe 24 Novemba 2019. Ndege ya kwenda Beni, yenye watu 19, ilianguka juu ya nyumba za Mapendo kule Goma dakika ile ile ilipopanda. Na kampuni zote za ndege za Kongo zimekatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Siwezi kuficha hayo. Lakini mwuguzi huyo huyo anajua ni wangapi wanaokufa kwenye tipoyi ambao hakuna redio inayowataja, kwa sababu wanakufa mmoja mmoja, njiani, bila moshi. Tudai ndege zikaguliwe. Tusikubali kwamba salama yetu ni kubaki bila kitu.

Wa tatu ni motari, kijana anayepita njia ya Lubutu na mizigo ya watu. Aliniambia: «Mukubwa, acha ndege. Tupe barabara.» Huyu ndiye aliyenisumbua zaidi, kwa sababu nilikubaliana naye. Ndege haibebi muhogo wa mkulima. Ndege ya watu 19 haiwezi kurudisha maelfu ya familia kwao Masisi siku amani itakapofika. Watarudi kwa miguu na kwa gari, kwa njia ya Kibua, Kashebere, Nyabiondo, Masisi, ama kwa Itebero na Hombo. Barabara ile ya Goma–Masisi–Walikale inapita kidogo kilometa 200 kwa gari. Katika inchi ingine ingekuwa safari ya asubuhi moja. Kwa hiyo ndugu motari, barabara ndiyo ya kwanza kwa mizigo. Lakini barabara itaomba miaka, pesa nyingi na amani ya kweli. Mwenye mimba iliyoharibika haombi miaka. Anaomba nusu saa. Nikiulizwa barabara ao ndege, nitajibu: barabara kwa gunia, ndege kwa mgonjwa. Mpaka leo tumefanya kinyume: gunia lilipanda ndege, mgonjwa alibaki barabarani.

Katikati ni Masisi

Neno moja kwa ndugu wa Masisi. Ukiangalia karata tena, utaona kwamba ndege ya Goma–Walikale inapita juu yenu. Rubani anayetoka Goma anaona ziwa, kisha Sake, kisha malisho ya ng'ombe kwenye milima, na dakika chache kisha hapo pori la Walikale linaanza. Masisi nzima inapita chini ya bawa lake katika robo saa.

Chini, katika robo saa ile ile, kuna mama anayeficha watoto, kuna shamba la maharagi lisilovunwa. Kuna familia iliyofukuzwa kwenye makambi ya Goma mwezi wa Februari, ikaambiwa irudi nyumbani, ikakuta nyumba haipo. Wengine mliteremka kwetu huku. Watu wa Walikale waliwapokea katika nyumba zao ndogo, vyumba viwili kwa familia tatu. Sisi si wageni kwenu na ninyi si wageni kwetu. Umbali kati ya Masisi-centre na Walikale-centre kwa ndege ni dakika 15. Tukumbuke namba hiyo kila mara mtu anapokuja kutuambia kwamba watu wa kule na watu wa huku hawawezi kuishi pamoja.

Mama wa swali

Mama yule alirudi kupiga simu juzi. Aliniomba nimuandikie namba zile, ile ya kilometa na ile ya dakika, mtoto wake mdogo amusomee. Nilimuuliza juu ya nini. Akasema: «Binti yangu analia kwenye simu, anafikiri niko mwisho wa dunia. Nataka nimwambie niko dakika makumi tatu.»

Nilimuandikia. Kilometa 130. Dakika 30. Sikumuandikia 4.000.

Kwenu wasikilizaji, nina ombi moja. Kama mlikimbia kutoka kwenu, tuambieni mlitembea siku ngapi na mlifika wapi. Musitaje majina ya watu, wala njia mliyopitia, wala mahali mnapolala leo. Salama yenu ni ya kwanza. Siku na mahali pa kufikia tu. Tutazijumlisha na kuzisoma redioni, siku moja kwa juma, kisha habari za jioni. Wakubwa wakija hapa kutuambia tena kwamba sisi ni eneo la mbali, tutawapa hesabu yetu. Tutawauliza, kwa heshima, kwa nini jiwe linafika Goma kwa nusu saa na nyanya anaomba siku tisa.